Mashine Tuliyoigawa Kama Fahali

Mimi, Jotham Mukhisa, nina umri wa miaka sabini na mbili, na hiyo ni ile iliyoandikwa kwenye kitambulisho, kwa sababu ile ya kweli mama yangu aliondoka nayo. Nimewazika machifu wanne. Nimemaliza redio tatu, baiskeli tano na meno yote ya juu. Nzige walikuja wakaniacha. Mkoloni alikuja akaniacha. Daktari mmoja aliniambia mwaka wa themanini na tatu kwamba sitaiona Krismasi, na kwenye mazishi yake mimi ndiye nilikuwa mgawaji wa nyama. (Kicheko.) Kwa hivyo yule kijana aliye karibu na mlango, anayepiga miayo kabla sijaanza, ajue kwamba hata yeye naweza kummaliza.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye ametuma barua kwamba hatafika. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye naye ametuma mtu. Wewe mtu uliyetumwa, karibu, soda yako inakuja. Bwana Prakash, mwenye duka la vitambaa hapo mbele na mwenye chumba hiki tulichomo. Katibu wangu Hesbon, mwenye kalamu. Mama Nabwile kutoka Mabanga. Mama Jepkemboi, aliyetoka Kitale asubuhi hii. Bwana Chesang wa Cheptais, ambaye yuko njiani. Wachungaji wa madhehebu yote, pamoja na yale yaliyogawanyika juzi. Wazee wa mtaa, vijana wa boda boda, akina mama wa soko. Na mke wangu Lenah, aliyekaa mbele kabisa ili anikonyeze nikipotea. Itifaki imezingatiwa. Kama kuna jina nimeruka, mwenye jina asinifuate nyumbani.

Nasimama mbele yenu nikiwa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Uteuzi, Ununuzi na Uangalizi wa Kompyuta ya Gemu ya Vijana, ofisi ambayo nimeishikilia bila kupingwa tangu mwezi wa tatu mwaka huu wa elfu mbili na sita, na ushahidi wa ofisi hiyo ni beji hii mnayoiona kwenye koti langu upande wa kushoto, ya kijani, ndefu kama kidole, yenye meno ya dhahabu, iliyoshonwa kwa uzi mwekundu na mke wangu mwenyewe. (Makofi. Mtu mmoja nyuma: Hiyo ni beji gani, Mzee?) Hiyo ni beji ya mamlaka. Kaa chini.

Mbele yenu kuna skrini. Ni nyeusi, naona mnaiangalia. Nyuma yangu kuna shuka la bluu limetundikwa kwa kamba kutoka ukuta huu hadi ule, na nyuma ya shuka hilo iko mashine yenyewe, ambayo impulimentesheni yake imefika asilimia mia moja na kumi. (Kitu chaanguka nyuma ya shuka. Sauti ya msichana: Aii!) Hiyo ni mapambo. Mashine inapambwa. Hata bibi harusi hamumwingilii akivaa.

Sasa kwa faida ya mtu aliyetumwa, ambaye hajui kwa nini Bwana Prakash anatazama saa yake kila mara kama mtu anayengojea treni, nitaeleza. Kuna binti wetu anaitwa Viola, ana miaka ishirini na mbili, amekaa Kitale miaka miwili akitengeneza kompyuta kwenye duka la Gagandeep, na anataka kurudi nyumbani Bungoma afungue mahali pa vijana kucheza gemu na kujifunza. Bwana Prakash akasikia, akasema chumba hiki atampa bure mwaka mzima, ila aone kwanza kwamba hiyo mashine ni ya kweli. Ameingojea miezi sita. Jana jioni akaniita dukani, akaacha kupima kitambaa, akaniambia hivi, na hapa mnisikilize kwa sababu ni maneno yake mwenyewe: "Mzee, mimi nimevumilia. Kesho saa sita kamili kama sioni picha kwa skrini, chumba ni ya mtu wa mabeseni." Na mtu wa mabeseni ni yule pale dirishani. Amekuja na mkokoteni umejaa tayari. (Watu wamgeukia. Ajifanya anafunga kamba ya kiatu.)

Saa hizi ni saa tano na dakika thelathini. Muda ni mwingi mno. Tuzungumze historia.

Pesa tulichanga sisi wenyewe, shilingi elfu thelathini na nane, na siku ya kununua kamati nzima, yaani mimi, Hesbon, Nabwile, Chesang na Jepkemboi, ilipanda kwenda Kitale kwa ajili ya fizibiliti stadi. Viola alikuwa ameandika orodha kwenye karatasi ya daftari. Alikuwa ameipanga kwa akili ya shule: pesa nyingi iende kwa kadi ya picha, kwa sababu ndiyo inachora wachezaji, prosesa, yaani ubongo wa mashine, iwe ya katikati, na kesi, yaani lile sanduku la nje, iwe ya bei ya chini kabisa, kwa sababu, akasema, kesi haichezi mpira. Mimi nilimpinga hapo hapo dukani. Nilimwambia nimenunua ng'ombe tangu kabla ya mama yake kuzaliwa, na ng'ombe mtu huona kwanza pembe. Kamati ikaniunga mkono. Tukachagua kesi yenye mlango wa kioo na taa ya bluu. Viola akachukua kalamu, akatuonyesha kwamba kwa kesi hiyo itabidi tuondoe kadi ya picha, tubaki na sanduku zuri linaloonyesha mchezaji mmoja kwa dakika. Tukarudisha pembe. (Kicheko.) Nataka irekodiwe kwamba ni mimi nilitoa hoja ya kuirudisha.

Halafu ikaja pawa saplai, lile dude la kugawa umeme. Yalikuwa mawili, bei karibu sawa, na maandishi yake sote yalitushinda. Mama Jepkemboi akashika moja mkono huu na jingine mkono ule, akafumba macho, akapima kama anavyopima kabeji sokoni, akasema hili jepesi ni la uwongo, ndani hakuna kitu. Tukamcheka. Gagandeep hakucheka. Alisema huyu mama angekuwa amemsaidia miaka kumi iliyopita, kwa sababu lile zito ndilo lina shaba ya kutosha ndani, lile jingine hulipuka. Kwa hivyo mtu asiwaambie kwamba kamati hii haikuwa na utaalamu. (Makofi kwa Jepkemboi. Ainuka nusu, akaa.)

Bwana Chesang naye alitaka prosesa nyingine, ya bei ya chini, yenye karatasi inayong'aa. Viola akaigeuza, akamhesabia vijino vyake vya chini, akamwonyesha mazabodi, yaani ule ubao mpana ambao kila kitu huchomekwa juu yake, akamwambia mashimo ni haya na vijino ni vile, havioani hata ukipiga nyundo. Chesang akanung'unika mpaka tukafika stendi, lakini akakubali ile nyingine. Na mwisho kabisa ikaja ramu, ambayo ni kumbukumbu ya mashine. Mimi mwenyewe nikaomba nifunguliwe pakiti, kwa sababu mnyama hanunuliwi bila kutazamwa meno. Nikatazama. Meno yalikuwa ya dhahabu. Nikauliza, hii ikikosekana inakuwa nini? Viola akanijibu, "Kuka, bila hii mashine inalia tu. Inalia na haioni kitu." Mnajua Kuka ni babu. Mimi si babu yake wa damu, lakini anajua kumwita mtu.

(Mtu nyuma: Sasa Mzee, kama mlinunua mwezi wa tatu, si mngeunga siku hiyo hiyo?)

Swali zuri. Swali zuri sana, na nitalijibu kwa upana. Kamati, baada ya mashauriano ya kina na mastekiholda wote, iliona si vyema rasilmali ya watu wengi ikae mahali pamoja, ikapitisha kwa kauli moja faizi ya pili, ambayo ni usambazaji wa vipuri hadi grasiruti. (Mtu huyo: Yaani?) Yaani vilihifadhiwa kwa wananchi. (Mtu huyo: Wananchi gani?) Wananchi wa kawaida, wewe, unaitwa nani? Hesbon, andika jina lake.

(Pikipiki yasimama nje. Bwana Chesang aingia na kofia ya chuma kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi, mkebe wa sukari mkononi. Apita nyuma ya shuka.)

Huyo ni Bwana Chesang kutoka Cheptais. Mnaona moyo wa mtu? Amebeba sukari ya chai ya wageni. (Kutoka nyuma ya shuka, Viola: Kuka, endelea kuongea. Usimalize.) Mmesikia, vijana wananiomba niendelee. Nani amesema vijana hawapendi hotuba?

Basi naendelea. Kulingana na utafiti wangu, mashine hii itahudumia vijana elfu nne kwa siku, kila mmoja kwa muda usiopungua saa mbili. (Mwalimu mmoja aanza kuhesabu kwa vidole, aacha.) Wizi wa kuku utapungua kwa asilimia sitini, kwa sababu mwizi atakuwa amekaa hapa akicheza mpira wa kwenye skrini. Timu yetu ya miguu itapata ujuzi wa Ulaya bila kununua viatu. Mahindi pia yatafaidika, njia yake bado inachunguzwa. Katika faizi ya tatu tutaweka mashine ya pili, ya tatu na ya kumi na saba, na katika faizi ya nne watu wa Kitale watashuka huku kujifunza kwetu, na Mama Jepkemboi atawauzia chai. Mimi sijasoma. Niliacha shule darasa la tatu kwa sababu mwalimu alinionea wivu. Lakini leo wenye digrii wamekaa chini na mimi nimesimama, mnielezee hiyo.

(Prakash: Mzee, imebaki dakika kumi.)

Asante, Bwana Prakash. Kumi ni nyingi. Kuna watu wameumbwa kwa chini ya hapo.

(Nyuma ya shuka, feni yaanza kuvuma. Kisha: piii. Piii. Piii.)

Hiyo... hiyo ni salamu. Mashine inasalimu. Kama nilivyokuwa nikisema kuhusu mahindi...

(Piii. Piii. Piii. Skrini nyeusi.)

...mahindi, ni zao ambalo...

(Piii. Shuka lasogea. Mkono wa Viola watokea, kiganja wazi. Prakash: Dakika nane. Lenah amtazama mumewe kifuani, hakonyezi.)

Mnaniangalia nini? Hii ni beji.

(Viola, bila kutoa kichwa: Kuka, nimekusanya kila mtu. Umebaki wewe.)

Sawa. Nitasema, na Hesbon usiandike. Au andika, basi.

Tuliporudi kutoka Kitale siku ile na vipuri, tulishukia kwangu. Nikakata majani ya mgomba, nikayatandika uani, nikapanga kila kipuri juu ya jani lake. Nyinyi watu wa hapa mnanijua. Miaka arobaini, harusi, tohara na mazishi, mimi ndiye nashika kisu. Mjomba ana sehemu yake, mashemeji wana yao, wanawake walioolewa mbali wana yao, na sijawahi kugawa fahali watu wakapigana. Hata mara moja. Sasa watu watano wamekwenda mbali kuchagua kitu, wamekirudisha, kiko kwenye majani, nitawaambia waende mikono mitupu? Viola alisimama hapo akasema, "Kuka, hii haigawanywi." Nikamwambia mtoto, kitu kilichonunuliwa na wengi hugawanywa, usipogawa wanaanza kuulizana kiko kwa nani. Nikamjibu vile mbele ya watu. Akarudi Kitale kwa gari la jioni, na kila Jumamosi kwa miezi sita alikuwa anakuja kuniuliza, na kila Jumamosi nikamwambia iko faizi ya pili.

Na mgawaji, kwa wasiojua, huchukua mwisho. Ndiyo maana watu humwamini. Anakata, anapeana, anapeana, na kinachobaki ndicho chake. Miaka arobaini kinachobaki ni kwato. Mwaka mmoja nilirudi nyumbani na mkia, Lenah akautumia kufukuza nzi. Sijalalamika. Lakini siku ile, nilipomaliza kupeana, kwenye jani la mwisho ilibaki hii. Ndogo, kila mtu alikuwa ameidharau. Kijani, na meno ya dhahabu. Kwa mara ya kwanza kilichobaki kilikuwa kizuri. Niliishika juani. Nikasema hii sirudishi.

(Piii. Piii. Piii.)

Lenah, kata huo uzi.

(Lenah ainuka, akata uzi kwa meno. Mzee aishika beji kidogo, kisha aiweka kwenye kiganja cha Viola. Mkono warudi ndani. Feni yazimwa, kelele yakoma. Viola: Ina jasho. Nani ana raba ya penseli? Mwanafunzi mmoja atoa. Sauti ya kusugua. Prakash: Dakika nne.)

Msikae kama watu wako matangani. Itikieni. Kompyuta! (Yetu!) Kadi ya picha! (Yetu!) Kesi bila kioo! (Yetu!) Nikisema ramu mnasema rudisha. Ramu! (Rudisha!) Sikuwasikia watu wa boda boda. Ramu! (Rudisha!) Nikisema grasiruti, nyinyi mnasema toeni kabatini. Grasiruti! (Toeni kabatini!)

Sasa ni wakati wa kutoa shukrani, na kwa sababu nimebaki bila beji nitazitoa bila kupamba. Namshukuru Mama Nabwile wa Mabanga, aliyeileta kesi leo saa moja asubuhi ikiwa kichwani, baada ya kumwinua kuku aliyekuwa amelalia mayai kumi na mawili ndani yake. Kuku amehamishiwa kwenye karai na hali yake ni nzuri. Namshukuru Mama Jepkemboi, aliyetuletea pawa saplai ambayo kwa miezi sita imezuia mlango wa banda la ndama usipigwe na upepo, kazi ambayo, kwa uzito wake, iliifaa. Namshukuru katibu Hesbon, aliyeishusha mazabodi kutoka ukutani kwake, ambako alikuwa ameitundika karibu na kalenda akiwaambia wageni ni picha ya mji wa ng'ambo ukiangaliwa kutoka kwa ndege, na akavunja kufuli ya kabati lake mwenyewe kutoa kadi ya picha na ile hadi diski, yaani ghala la mashine, maana ufunguo aliupoteza mwezi wa nne. Namshukuru Bwana Chesang, ambaye ule mkebe mlioona si sukari. Ndani ni prosesa. Ilikuwa imefunikwa kwa sukari ili isiingie unyevu, na ndiyo sababu mmenisikiliza kwa muda mrefu hivi, Viola alikuwa anaipangusa. Hawa wote walikuwa wamekataa kutoa mpaka mgawaji aseme kwa mdomo wake, na mgawaji alisema kwa simu leo saa kumi na mbili asubuhi, baada ya mke wake kukataa kumpa chai. (Kicheko. Lenah atazama dari.)

Na nawashukuru nyinyi wananchi kwa kuja kuzindua mradi ambao, niliposimama hapa saa tano na nusu nikiwaambia umefika asilimia mia moja na kumi, haukuwepo. Haukuwa umewahi kuwepo hata siku moja. Kulikuwa na kiota cha kuku, kizuizi cha mlango, picha ya ukutani, mkebe wa sukari na beji. Sasa nimesema. Anayetaka kunipigia kura ya kunitoa angoje niketi, magoti yanauma.

(Prakash: Dakika moja, Mzee. Mtu wa mabeseni aingiza gurudumu la mkokoteni mlangoni.)

Wewe, hilo gurudumu rudisha nje. Dakika ni dakika.

(Feni yavuma tena. Pii, mara moja tu, fupi. Skrini yabadilika kuwa ya kijivu, maandishi meupe yaanza kupanda.)

Mmesikia? Mara moja. Hailii tena. Mtu anayejua kusoma atuambie imeandika nini. (Mwanafunzi: Imehesabu ramu, Kuka. Imesema iko sawa.) Imesema iko sawa! Imekaa kifuani kwangu miezi sita, jua, mvua na kanisani, na iko sawa. Ilikuwa kwa mtu anayejua kutunza. (Makofi marefu. Viola atoka nyuma ya shuka, manyoya ya kuku nyweleni, sukari viwikoni. Prakash ampa ufunguo. Mtu wa mabeseni arudisha mkokoteni nyuma.)

Basi. Nimeanza na umri wangu na nitamaliza na mashahidi, kwa sababu najua kufika jioni mtaanza kusema Mzee Jotham alitunga. Anayebisha kuhusu saa amuulize Bwana Prakash, ambaye hakuacha kuitazama. Anayebisha kuhusu vipuri apande Kitale kwa Gagandeep, ana risiti na bado anacheka. Anayebisha kuhusu sukari alambe kiwiko cha Viola, akiruhusiwa. Na anayebisha kwamba mimi, miaka arobaini nikishika kisu, niliwahi kupata sehemu nzuri na nikaitoa kwa mkono wangu mwenyewe, amuulize Lenah, ambaye bado ana kipande cha uzi kwenye meno. Na akikataa kusema, aje aangalie koti hili upande wa kushoto. Matundu yako mawili. Sitayaziba.